Marehemu Mia Mbili Ishirini na Wawili wa Shangazi Maeng

Umepita pale. Usikatae. Umepita kwenye ule mlango wa kijani nyuma ya idara ya elimu ya Baekdal, ukaona tangazo limebandikwa, ukasoma neno "kufungwa", ukainua kola ya koti na kuendelea na safari yako. Una kabichi za kununua. Msimu wa kuitia kabichi chumvi na pilipili iwe kimchi ya baridi haumngoji mtu, hilo linajulikana. Hivyo hivyo mji mzima ulipita mbele ya lango la mgodi mwaka ule ulipofungwa, kila mtu akitazama viatu vyake.

Leo simama kidogo. Hii ni habari ya mama mmoja wa miaka sitini na mitatu, na ya watu waliokufa bila wenyewe kujua. Huenda na wewe umo.

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Maeng Ok-bun anawasha hita ya mafuta ya taa kwa kijiti cha tatu cha kiberiti, anaipiga teke dogo ubavuni, nayo inashika. Anavua glavu moja. Ya pili anaiacha mkononi, maana rafu za chuma zinauma asubuhi kama hizi. Nyuma yake vimesimama vitabu elfu sita na mia nne, mali ya chumba cha kusomea walimu.

Mlango unasukumwa bila hodi.

"Shangazi, marehemu nimefika!"

"Ingia upesi, marehemu, unatoa joto nje. Na uvue viatu. Kufa siyo ruhusa ya kunichafulia sakafu."

Marehemu ni Pyo Sang-u, umri miaka ishirini na tisa, mwalimu wa somo la teknolojia katika shule ya kati. Anainama kusalimu, masikio yamemwiva kwa baridi, mkononi mfuko wa karatasi unaotoa mvuke.

"Umeleta nini?"

"Mikate ya umbo la samaki, Shangazi. Ile yenye maharage matamu. Bado ya moto."

"Sikuulizi tumbo. Umeleta swali gani?"

Hapo ndipo kazi ya mama huyu inapoanzia. Mwalimu akiingia akasema anataka kitabu kizuri kuhusu teknolojia, au historia, au utamaduni, Shangazi Maeng anamwambia vitabu vizuri viko dukani. Kwake unakuja na swali moja: jambo ambalo mwanafunzi alikuuliza mbele ya darasa, ukakosa jibu.

Pyo anakaa karibu na hita. "Kuna msichana wa darasa la pili. Alifungua ramani kwenye simu, akatafuta kijiji alikozaliwa bibi yake, juu kule kwenye bonde la mgodi. Hakipo. Kuna msitu tu. Akaniuliza, mwalimu, nani amekifuta? Nikamwambia tutaliangalia wiki ijayo."

"Uliogopa."

"Niliogopa."

"Vizuri. Mwalimu asiyeogopa maswali hana haja na mimi."

Anaingia katikati ya rafu. Hatazami migongo ya vitabu. Anakitoa kimoja, anakipima uzito kiganjani, anakirudisha, anatoa kingine. Anarudi na vitatu. *Nyota ya Mpima Ardhi* kinaeleza namna ramani za leo zinavyotengenezwa kwa picha za kutoka angani, na nani analipia kipi kionekane. *Kisu cha Mchonga Ramani* ni cha mafundi wa zamani waliochonga nchi nzima kwenye vibao vya mbao, wakilazimika kuamua kijiji gani kinastahili kukatiwa alama na kipi kiachwe. Cha tatu, *Majina ya Mabonde Yetu*, ni chembamba kama daftari. Kiliandikwa na tarishi mstaafu wa posta, nakala mia moja tu, kila kona ya njia na jina lake, kila jiwe ambalo wanawake waliliwekea wali wa roho ya mlima.

"Kimoja cha chombo, kimoja cha zamani, kimoja cha watu," anasema. "Ukitaka viwili, toka."

"Na nikichukua cha chombo peke yake?"

"Utarudi darasani kuwa fundi simu."

"Cha zamani peke yake?"

"Utasinzia wewe, kisha wao."

"Cha watu?"

"Utalia. Watoto wanamvumilia mwalimu anayelia mara moja kwa mwaka. Siyo kila Jumatano."

Fungua hicho cha pili ukurasa wa themanini na nane. Pembeni kuna mwandiko wa penseli, herufi ndogo zilizosimama wima: "Hapa mwandishi anakisia. Linganisha na tarishi, uk. 12." Karibu kila kitabu kwenye chumba hiki kina penseli yake. Hampi mwalimu kitabu bila kumwonyesha mahali kinapodanganya.

Nani alimfundisha? Hakuna. Baba yake alikufa mwaka 1974 maji yalipoingia kwenye njia ya saba ya mgodi, naye ana miaka kumi na miwili. Mgodi ulimpa mama yake kazi ambayo wajane walipewa siku zile: kusimama kwenye ukanda unaotembea na kuchambua mawe kutoka kwenye makaa, saa nane kwa zamu, kitambaa puani. Ok-bun alisoma shule ya msingi tu. Alipotimiza miaka kumi na tisa, alisimama kwenye ukanda uleule, ubavuni mwa mama yake.

"Jiwe na kaa vyote vyeusi," anasema. "Macho yanakudanganya. Mkono ndio unajua. Kaa ni jepesi, jiwe lina uzito wa bure. Vitabu navyo hivyo hivyo. Kuna vyenye uzito wa bure."

Mgodi ukafungwa mwaka 1992. Wakuu walikuja na hotuba, wakaondoka na magari. Yeye akapata ufagio katika idara ya elimu. Usiku alisoma vitabu vilivyotupwa. Siku moja mwalimu alikuwa akitafuta kitabu cha majiko ya zamani ya kupashia sakafu, na mfagiaji akamwambia kutoka chini ya meza: "Kipo, ila sura ya nne ina uongo. Chukua na hiki." Tangu mwaka 2004 amekaa ndani ya chumba hiki kwa mikataba ishirini na mmoja. Kila mkataba ni wa miezi kumi na moja, soma vizuri, kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili anakaa nyumbani bila mshahara, isije ikahesabika ametimiza mwaka akadai kiinua mgongo. Analipwa won milioni moja na laki tano tu kwa mwezi. Tangu mikataba hiyo ianze, wakuu sita wa idara wamekuja na kuondoka, na kila mmoja amepigwa picha mbele ya rafu zake.

Sasa kadi. Kila mwalimu ana kadi moja ya karatasi ngumu, inayokunjwa kama feni. Jina juu kwa kalamu nyeusi, chini yake maswali. "Kwa nini friji ya kimchi inafunguliwa kwa juu?" Kwa hilo alitoa kitabu cha mashine za ubaridi, kitabu cha wafinyanzi wa mitungi iliyokuwa ikifukiwa ardhini, na kumbukumbu za mama mkwe mmoja wa pwani aliyeijua kimchi yake kwa sauti ya mtungi. "Zamani walijuaje mvua imenyesha kiasi gani?" "Kwa nini bonge la makaa lina matundu?" Mwalimu anachukua vitabu vitatu, anaenda kufundisha, anarudi. Kama darasa limepata jibu, anatoa muhuri wake wa jina mfukoni, anauchovya kwenye wino mwekundu na kuugonga pembeni ya swali. Kama halikupata, hagongi, na Shangazi anaanza upya.

Watu mia mbili thelathini na mmoja wana kadi. Mia mbili ishirini na wawili wana angalau muhuri mmoja.

Shika namba hizo mbili. Ndizo zilizoua watu.

Julai iliyopita idara ilikodi watu wenye skana kuzihamisha kadi kwenye kompyuta. Walipewa karatasi ya maelekezo. Mstari mmoja ulisema kadi ambayo jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, mwenye jina amefariki, aondolewe. Skana ikaona majina mekundu ya mihuri. Ikaondoa.

Hakuna aliyejua hadi Jumatatu ya wiki iliyopita, Pyo alipofungua mtambo mpya wa idara wa kupendekeza vitabu. Kioo kilimjibu kwa adabu: mtumiaji huyu ameondolewa kwa sababu ya kifo. Idara inapokea rambirambi kwa niaba ya familia.

"Nilimpigia mama yangu," anasema Pyo. "Sijui kwa nini. Nilitaka tu asikie sauti yangu."

Akaazima namba ya mwenzake aliyebaki hai humo, aujaribu huo mtambo. Aliandika: teknolojia, historia, utamaduni. Ukampa vitabu vitatu vya mazoezi ya mtihani na cha nne cha kupunguza kitambi.

"Angalau hicho cha nne kilikuona," Shangazi anamwambia, naye Pyo anaingiza tumbo ndani.

Siku ya pili yake walivuka uwanja wawili hao hadi kwa mtumishi aliyeandika ule mstari. Gwak Dong-ju, miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa hapahapa, mstaarabu. Alisimama kuwapokea.

"Mama, karibu uketi. Kahawa?"

"Sikuja kunywa kahawa. Nimekuletea maiti."

Pyo akainama. "Mimi ndiye, kaka. Nisamehe kwa kuja na miguu yangu."

Gwak alitazama kioo, akatazama kadi, akatazama kioo. Kisha akasema jambo ambalo lazima liandikwe, maana si mtu mbaya. "Mama, jina jekundu ni jina la maiti. Nilipokuwa darasa la kwanza niliandika jina la baba kwa kalamu nyekundu, naye yuko zamu chini ya ardhi. Mama alichoma ile karatasi jikoni, kisha akanichapa mpaka jirani akaja. Nilipoandika mstari ule sikufikiri. Nani hapa kwetu angeandika jina la mtu mzima kwa wino mwekundu?"

"Toa muhuri wako wa kazi."

Akautoa kwenye droo.

"Unauchovya kwenye wino wa rangi gani?"

Gwak akaugeuza muhuri, akaona wekundu wake.

"Basi na wewe pole sana, mwanangu. Barua za idara anazipitisha nani tangu ufe?"

Ungedhani yangeishia pale, kwa kicheko na kosa kurekebishwa. Thubutu! Takwimu zilikuwa zimeshapelekwa ngazi ya juu, na huko chumba cha kusomea chenye watumiaji hai wasiofika thelathini hufungwa. Chetu kina tisa. Jumatatu ijayo lori litavibeba vitabu kwenda kusagwa viwe karatasi ya maboksi, pamoja na penseli ya miaka ishirini na mmoja.

Kuna mlango mmoja tu uliobaki wazi. Ofisi za juu zinakubali rufaa ikiwa watumiaji thelathini watafika wenyewe, kwa miili yao, dirisha namba tatu, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na kujaza fomu ya kuthibitisha kwamba hawajafariki.

Fomu hiyo inagongwa muhuri. Wino wake mwekundu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu Eom, miaka sabini na minane, aliyefundisha historia nusu ya mji huu. Alikwenda dirishani na fimbo yake.

"Nimekufa tangu lini?"

"Tangu Julai, babu," Gwak akamjibu, kichwa chini.

"Mbona mke wangu hajaarifiwa? Jana tu kanifokea kwa sababu ya soksi." Akagonga muhuri kwa nguvu hadi kidau cha wino kikaruka. "Andika hapo: amefufuka, ana hasira, na anataka kitabu chake cha pampu za maji."

Baada yake walikuja wawili, kisha wanne pamoja kutoka shule ya juu. Hadi jana jioni dirisha lilikuwa limewafufua kumi na wanane. Wamebaki kumi na wawili.

Ukiuliza wale tisa walio hai kwenye kompyuta wako wapi, hapo ndipo utachoka. Wanane ni wale waliochukua vitabu wasirudi tena, ndiyo maana kadi zao hazina muhuri. Kwa mtambo wa idara, wasomaji hai wa Baekdal ni wanane hao. Shangazi amewapigia simu wote. Watano walikata waliposikia sauti yake. Mmoja alisema kitabu kimebaki kwa mume waliyeachana naye, tena hamtamani yeye wala kitabu.

"Niliwaambia sidai kitabu, nadai mtu," anasema. "Hawaamini."

Na wa tisa? Anaizungusha kadi yake mezani. Maeng Ok-bun, kalamu nyeusi. Chini yake swali moja, wino umepauka: "Kwa nini kengele haikupigwa?"

Kitabu cha maadhimisho cha mgodi, kile kinene chenye herufi za dhahabu, ukurasa wa mia mbili na tatu, kinasema siku ile ya 1974 kengele ya hatari ilipigwa na wachimbaji wakachelewa kutoka. Wanawake wa ukanda walikuwa wamesimama hatua mia tatu tu kutoka kwenye kengele, na hakuna hata mmoja aliyeisikia. Pembeni ya ukurasa huo penseli haikuandika hoja. Imeandika majina kumi na manne, na la baba yake ni la sita.

"Cha chombo ninacho," anasema. "Ninajua kengele zile zilivyofanya kazi, waya kwa waya. Cha zamani ninacho, kile cha dhahabu, na ninajua kinapodanganya. Cha watu sina, hakijaandikwa. Kwa hiyo sijagonga muhuri, na kwa hiyo mtambo unaniona hai. Unaona mambo? Mimi niko hai kwa sababu sijajibiwa."

Kwenye rafu ya tatu, kati ya kitabu cha dhahabu na daftari la tarishi, ameacha nafasi ya vidole viwili. Huwa anaifuta vumbi. Mpango wake ni huu, na Pyo ameukubali: kuanzia mwezi ujao wanafunzi wa darasa la pili watakwenda na simu zao kwa wanawake wa ukanda walio hai, wakae nao wanapotia kimchi, wawarekodi, kisha waandike. Karatasi ya jalada ameshaikata. Wanawake hao wamebaki saba. Mkubwa wao ana miaka tisini na mmoja na bado anachambua maharage kwa mkono wa kushoto, kama alivyochambua mawe.

"Watoto wakikileta," anasema, "nitagonga muhuri wangu mwenyewe. Wakitaka waniite maiti siku hiyo, na waniite."

"Usiseme hivyo, Shangazi," Pyo anamkatiza. "Nani atanipa vitabu?"

"Kula mkate wako, unapoa. Na wenzako uliowaahidi kuwaleta wako wapi?"

"Wanasema wana kabichi."

"Kabichi!" Anaivaa tena glavu yake, pole pole, kidole kwa kidole. "Waambie sijawakataza kabichi. Ninajua ikizidi saa kwenye chumvi inaharibika. Waje kabla hawajaitia chumvi."

Basi umesikia. Wewe uliyewahi kuugonga muhuri wako kwenye meza ile, ukarudi darasani kifua mbele kwa jibu lililotoka katika mkono wa mama huyu, umeorodheshwa maiti. Usiseme idara itarekebisha. Mwaka 1992 pia mlisema kuna watakaorekebisha. Usiseme wenzako watakwenda, kwa maana wenzako hivi sasa wanasoma gazeti hilihili na kusema wewe utakwenda.

Muhuri wako uko kwenye droo ya vijiko, nyuma ya betri zilizokwisha. Utoe. Dirisha namba tatu, idara ya elimu ya Baekdal, linafungwa kesho Ijumaa saa kumi jioni, na halitafunguliwa tena kwa jambo hili. Wanatakiwa watu kumi na wawili, wenye miili. Nanyi wanane mlio hai, njooni bila vitabu, hamtaulizwa.

Kunja gazeti. Acha kabichi. Inuka, marehemu, uende.